Muislamu na Vyakula vya Ugenini: Mafunzo ya Safari za Bara la Asia

(Haya ni maneno ya darsa iliyotolewa msikitini baina ya sala ya Magharibi na Isha. Tumeyaandika kwa maombi ya wasikilizaji ili wayapate na waliokuwa mbali.)

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na Akatuharamishia vilivyo vichafu, wala Hakutuwekea uzito katika dini. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na aali zake, na Maswahaba wake, na kila aliyefuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu,

Zamani mtu wa kwetu akisafiri safari ya mbali, watu walijua kuwa anakwenda Hija. Leo mambo yamebadilika. Katika safu moja ya sala utamkuta aliyetoka Guangzhou kununua bidhaa, aliyempeleka mzazi India kwa matibabu, na aliye na mtoto anayesoma Malaysia. Watu hawa wanarudi na mizigo, na pamoja na mizigo wanarudi na masuala. Suala tunaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: huko ugenini tule nini?

Wapo wasiouliza, bali wanatoa fatwa wenyewe. Mmoja husema, "Ukifika kule funga macho ule, mwenye njaa hana miiko." Mwengine husema kule hakuna kinacholika hata kimoja, na kwamba watu wale ni wala vyura na nyoka, hata sufuria zao ni najisi. Kauli mbili hizi zimeenea barazani na madukani. Ya kwanza inaivunja mipaka ya Mwenyezi Mungu. Ya pili inaharamisha Alichokihalalisha na inawadharau viumbe Wake. Zote mbili zimekosa elimu, na ndiyo maana tumeona tulizungumze jambo hili kwa yale tuliyoyasoma na yale tuliyoyaona.

Tulipokuwa masomoni katika nchi za Kiarabu tulikaa bweni moja na wanafunzi kutoka Indonesia, Thailand, Ufilipino na Uchina, tukapika jiko moja na kula sahani moja. Kisha mwaka 2018 tulifuatana na kundi la wafanyabiashara wa kwetu mpaka Guangzhou. Kwa hiyo tutakayoyasema si ya kusikia tu.

MSAFIRI ALIYETUTANGULIA

Suala hili si jipya. Ibn Battuta, mwenyeji wa Tanja katika Morocco, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Aliandikiwa katika Rihla yake kwamba chakula kikubwa cha watu wa Mombasa ni ndizi na samaki. Alipopita Mogadishu alikirimiwa wali wenye samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, pilipili na ndimu za kutiwa chumvi, na maembe. Vyote hivyo kwetu ni chakula cha kila siku, lakini yeye alivieleza kwa wasomaji wake kama mtu anavyoeleza maajabu.

Miaka kiasi cha 15 baadaye, kwa mujibu wa masimulizi yake, akawa Uchina. Huko alisikitishwa kuona nguruwe na mbwa wakiuzwa sokoni na kuliwa. Amesema kwamba mambo aliyoyaona yalimtia uzito hata akawa hatoki nyumbani ila kwa haja, na alipokutana na Waislamu alifurahi kana kwamba amekutana na jamaa zake. Hata hivyo hakuacha kuusifu ufundi wa Wachina na usalama wa njia zao. Chakula chao cha haramu hakikumfanya awanyime haki yao. Hapa pana funzo ambalo tutalirudia.

MIZANI YA SHERIA

Ndugu zetu, chakula cha ugenini hakitoki katika mafungu matatu, na wengi wetu hukosea kwa kuyachanganya.

Fungu la kwanza ni haramu iliyo wazi. Katika Suratul Maida, aya ya 3, Mwenyezi Mungu ametaja mzoga, damu, nyama ya nguruwe, na kilichochinjwa kwa ajili ya asiyekuwa Yeye, pamoja na mnyama aliyekufa kwa kunyongwa, kupigwa, kuanguka au kupigwa pembe. Mtume (S.A.W.) akakataza kila mnyama mwenye meno ya kuraruria na kila ndege mwenye makucha ya kuwindia, kama alivyopokea Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.). Siku ya Khaybar alikataza nyama ya punda wa kufugwa, akaruhusu ya farasi.

Fungu la pili ni halali iliyo wazi. Nalo ni pana kuliko wengi wanavyodhani: nafaka zote, mboga, matunda, mayai, maziwa, na samaki wa baharini. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu maji ya bahari alijibu kwamba maji yake ni tohara na mfu wake ni halali. Na jeshi la watu 300 lililoongozwa na Abu Ubaida (R.A.) liliishiwa na chakula likiwa pwani, bahari ikawatupia samaki mkubwa mno aitwaye anbar. Wakala kwa siku nyingi, na waliporudi Madina Mtume (S.A.W.) akawakubalia.

Fungu la tatu ni kile ambacho sheria haikukikataza ila nafsi inakikataa. Hapa ndipo penye darsa yetu. Katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliletewa nyama ya kuchoma nyumbani kwa Maimuna (R.A.). Ilikuwa nyama ya dhabb, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi, mwenye mkia wa miba. Alipoambiwa ni nini, aliuondoa mkono wake. Khalid bin Walid (R.A.) akamuuliza kama ni haramu. Akajibu kwamba sivyo, ila mnyama yule hakuwa katika ardhi ya watu wake, na kwa hiyo nafsi yake haimpendi. Khalid akaivuta sahani akala, na Mtume (S.A.W.) anamtazama.

Zingatieni hukumu zilizomo katika kisa hiki. Mtume (S.A.W.) hakula, na hakuharamisha. Hakujilazimisha ili aonekane shujaa, wala hakumkemea aliyekula. Alitaja sababu kwa ukweli: si chakula cha kwetu. Na katika hadithi ya Abu Huraira (R.A.) imekuja kuwa hakupata kukitia chakula aibu hata mara moja, akikitamani alikila na akikichukia alikiacha. Mwenye kuzishika hadithi mbili hizi mkononi anaweza kuketi kwenye meza yoyote duniani bila kumuudhi Mola wake wala mwenyeji wake.

KISICHOZOELEKA SI HARAMU

Wachina wana mayai ya bata ambayo huhifadhiwa kwa chokaa, majivu na chumvi kwa wiki kadhaa au miezi. Ute wake huwa mweusi kama kahawa, kiini chake huwa cha kijani, na harufu yake ni kali. Wageni huyaita mayai ya miaka mia. Mtu wa kwetu akiyaona hudhani yameoza, kumbe yamegeuzwa na chokaa na chumvi, si kwa kuoza. Yai la bata ni halali na vilivyotiwa ndani yake ni tohara. Asiyeyataka ayaache, lakini asiseme ni haramu.

Wana pia jibini ya maharage ya soya iliyochachushwa, ambayo harufu yake huisikia kabla hujafika kibandani. Tulipopita karibu nayo, mmoja katika wenzetu aliziba pua na kuuliza watu hawa wanakulaje kitu kama hiki. Tukamkumbusha papa mkavu na ng'onda wa kwetu. Mtu wa bara anayefika sokoni kwa mara ya kwanza na kukuta papa ameanikwa, naye huziba pua vilevile, na sisi humcheka.

Wenzetu wa Malaysia na Indonesia wana tunda la duriani, ambalo watu wa Unguja na Pemba wanalijua kwa jina la doriani. Huko kwao ni mfalme wa matunda, lakini hoteli nyingi zimelipiga marufuku vyumbani, na treni za Singapore haziruhusu abiria kulibeba, kwa ajili ya harufu yake. Nasi tunayo hukumu ya jambo hili tangu karne 14 zilizopita: Mtume (S.A.W.) alimkataza aliyekula kitunguu thomu asiukaribie msikiti, na wanavyuoni wakabainisha kuwa hakukiharamisha bali alikusudia kuwakinga watu na adha. Basi kitu kinaweza kuwa halali na bado kikawa na mahala pake.

Katika Indonesia kuna kahawa ambayo buni zake humezwa na mnyama wa jamii ya fungo, kisha zikaokotwa katika kinyesi chake. Mwaka 2010 Baraza la Wanavyuoni la Indonesia lilitoa fatwa kwamba buni zile ni kitu tohara kilichoguswa na najisi, na zikioshwa huwa halali, maadamu bado ni nzima na zingeota zikipandwa. Hiyo ndiyo fiqhi: hawakutazama kinyaa cha watu wala bei kubwa ya kahawa ile, bali walitazama hali ya kitu chenyewe.

SUALA LA WADUDU

Katika masoko ya Thailand hukaangwa panzi, nyenje, viwavi wa mianzi, buu wa nondo wa hariri na hata nge. Si mchezo wa kuwaonyesha watalii peke yake. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2013 kuwa watu kiasi cha bilioni 2 duniani wana wadudu katika vyakula vyao, na kwamba Thailand ilikuwa na mashamba yapatayo 20,000 ya kufugia nyenje.

Kabla hatujastaajabu, tuwakumbuke ndugu zetu wa Bukoba na wa Uganda. Senene kwao ni kitoweo cha heshima, wala hakuna anayeona ajabu. Na nzige ni halali bila ya shaka. Abdullah bin Abi Aufa (R.A.) ameeleza kwamba walipigana vita sita au saba pamoja na Mtume (S.A.W.) huku wakila nzige, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Tena nzige hahitaji kuchinjwa.

Ama wadudu wengine, jamhuri ya wanavyuoni, wakiwemo wa madhehebu ya Imamu Shafi, wamewaharamisha kwa kuwahesabu katika vichafu. Madhehebu ya Imamu Malik yameruhusu kwa sharti la kuuawa kwa nia ya kuliwa na kwa kutaja jina la Mwenyezi Mungu, na kwa asiyedhurika. Nyenje wameleta utafiti kwa sababu ya kufanana na nzige, na mwaka 2000 Baraza la Indonesia liliwahesabu kuwa halali. Msimamo wetu ni kwamba Muislamu ana utulivu zaidi akibaki na panzi na nzige, akawaacha nge na viwavi. Lakini akimwona Muislamu wa Asia anakula kile ambacho wanavyuoni wake wamemruhusu, asimtoe katika dini kwa sahani ya nyenje.

Chura hukumu yake iko mbali zaidi. Mtume (S.A.W.) alimkataza tabibu kumuua chura kwa ajili ya dawa, na wengi wa wanavyuoni wakatoa dalili hapo kwamba haliwi. Na yai la bata lenye kifaranga ndani, liitwalo balut katika Ufilipino, huatamiwa kwa wiki mbili na zaidi kisha likachemshwa. Kifaranga kilichokwishaumbika kikafa kwa kuchemshwa hakikuchinjwa, kwa hiyo hukumu yake ni ya mzoga. Angalieni tofauti: yai jeusi la Wachina, linalotisha macho, ni halali, na yai jeupe la balut, ambalo kwa nje halina kasoro, halifai. Macho hayatoshi kuwa mufti.

MAJINA YANAYODANGANYA

Hatari kubwa ya msafiri haimo katika nge wa kukaanga, kwani nge anajulikana. Hatari imo katika sahani inayofanana na ya nyumbani.

Katika lugha ya Kichina neno "nyama" likitajwa peke yake, bila kuambiwa ni ya mnyama gani, kwa kawaida hukusudiwa nguruwe. Chura huandikwa katika orodha ya vyakula kwa jina lenye maana ya "kuku wa shambani". Damu ya bata au ya nguruwe hugandishwa ikakatwa vipande, na asiyejua huidhani ini. Kaskazini mwa nchi ile mkate wenye nyama ya punda ni chakula mashuhuri. Mboga za majani, ambazo kila mtu huzikimbilia kwa kudhani ni salama, mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe au hutiwa mvinyo wa mchele. Katika Japani mchuzi wa tambi hutokana mara nyingi na mifupa ya nguruwe, na kiungo kitamu kiitwacho mirin ni kileo chenye alkoholi kiasi cha asilimia 14.

Jambo jengine ambalo wengi hulisahau: kujiepusha na nguruwe peke yake hakutoshi. Kuku na ng'ombe pia wanahitaji kuchinjwa kisheria. Mwenyezi Mungu ameturuhusu chakula cha Watu wa Kitabu katika aya ya 5 ya Suratul Maida, lakini sehemu kubwa ya Wachina si Watu wa Kitabu. Basi anayesema, "Mimi nakula kuku tu, nguruwe siguswi naye," hajatoka katika tatizo. Amebadilisha mlango wa kuingilia.

YALIYOTUPITIA GUANGZHOU

Katika kundi letu walikuwemo watu wawili ambao hatutawataja. Mmoja alikuwa kijana mwepesi wa biashara. Tangu siku ya kwanza alikula kila alichowekewa, na tulipomnasihi alisema kuwa yuko katika dharura. Wa pili alikuwa mzee mcha Mungu, mwenye kuamka usiku. Huyu alikula biskuti alizotoka nazo nyumbani na ndizi, hakugusa kingine. Siku ya tano miguu ilimlegea ngazini, akashikwa asianguke. Tulimwambia kwamba katika mtaa wa Xiaobei kuna migahawa ya Waislamu wa Kichina. Akasema hawezi kuwaamini watu wasiojua hata Kiarabu.

Ndugu zetu, katika Uchina kuna kabila la Wahui, ambao ni Waislamu zaidi ya milioni 10, mbali na Wauighuri na makabila mengine. Uislamu katika Guangzhou ni mkongwe. Uko msikiti wa Huaisheng, ambao mnara wake wa mviringo ulijulikana kama mnara wa taa. Watu husimulia kuwa uliasisiwa na Sahaba Saad bin Abi Waqqas (R.A.), na kuna kaburi linalonasibishwa naye. Hilo halikuthibiti. Saad alifariki karibu na Madina akazikwa Baqii. Lakini kutothibiti kwa kisa hakupunguzi ukongwe wa Waislamu wale.

Tulimchukua mzee wetu, tukampeleka kwenye mgahawa mdogo wa tambi za nyama ya ng'ombe, zile zijulikanazo kwa jina la mji wa Lanzhou. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mwenye kofia nyeupe, akiuvuta unga kwa mikono miwili na kuukunja, akauvuta tena hata ukawa nyuzi. Ukutani palikuwa na tangazo la kukataza kuingia na pombe. Mzee wetu akatoa salamu kwa shaka. Yule bwana akajibu kwa matamshi yake ya Kichina, akaiacha kazi, akaja kushika mikono ya mzee. Hawakuwa na lugha ya kuzungumza. Mzee akaanza kusoma Suratul Fatiha kwa sauti ndogo, kama anayemjaribu. Yule bwana akaipokea na kuikamilisha, kwa lafudhi nzito, bila kukosa aya. Wakasema "Amin" pamoja.

Mzee alikula bakuli mbili. Alipomaliza alitwambia, "Siku tano nimejinyima chakula cha ndugu yangu." Hatukuongeza neno.

Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwamba watu walimwambia Mtume (S.A.W.) kuwa huletewa nyama na watu wageni katika Uislamu, wala hawajui kama imetajiwa jina la Mwenyezi Mungu. Akawaamrisha walitaje wao na wale. Asili ya chakula cha Muislamu ni kuaminiwa. Kumpekua Muislamu mwenzako kwa sababu hasemi lugha unayoijua si uchamungu.

DHARURA NI NINI?

Ama yule kijana, tulikaa naye usiku tukamweleza kwamba neno dharura lina mipaka. Mwenyezi Mungu amemwondolea dhambi aliyelazimika, kwa sharti asiwe mwenye kutamani wala kuruka mpaka. Wanavyuoni wakaeleza: dharura ni pale mtu anapohofia kufa au kupata madhara makubwa, hana halali ya kumtosha, na hapo hula kiasi cha kumuondolea hatari. Je, mtu aliye katika mji wenye wali, mayai, samaki, viazi, matunda na migahawa ya Waislamu, yumo katika dharura? Je, kuona haya mbele ya mwenye kiwanda ni dharura? Kuogopa kuchelewa teksi ni dharura?

Tukamwambia pia: hapa umekuja kununua bidhaa ya kuuza kwa Waislamu, unaikagua kila kitambaa na kila kifungo usije ukadanganywa. Vipi unakagua kinachoingia dukani, na huulizi kinachoingia tumboni?

Hakutujibu usiku ule. Kesho yake alikuja kwenye mgahawa, akakaa mwisho wa meza. Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye yaliyo vifuani, nasi hatutaki kudai zaidi ya tulichokiona.

ADABU YA KUKATAA

Desturi ya Wachina ni kula kwenye meza ya duara, sahani zikazungushwa katikati, na mwenyeji huchukua kipande kizuri akamwekea mgeni bakulini. Kwao hiyo ni heshima. Mwenye kukunja uso, au kuuliza kwa kejeli, amemtukana mtu aliyekusudia kumkirimu.

Tulialikwa hivyo na mwenye bidhaa. Kabla ya kuketi, mkalimani wetu alimweleza kuwa sisi ni Waislamu, na chakula chetu ni qingzhen. Neno hili, linalotamkwa kama "chingjen", maana yake ya asili ni usafi na ukweli, na ndilo jina la chakula halali nchini humo. Kila Mchina analijua. Mwenyeji hakukasirika hata kidogo. Akaahirisha meza ile, akatupeleka kwenye mgahawa wa Wahui, akala nasi, akatuuliza kwa nini hatunywi pombe. Mazungumzo yale juu ya dini yasingepatikana kama tungekula kimya kimya, wala kama tungeondoka kwa hasira. Kumbe ukweli unaosemwa kwa upole na mapema haumvunjii mtu biashara.

NASAHA KWA WASAFIRI

Kwanza, jifunze kabla ya kuondoka. Jua maneno mawili matatu ya lugha ya unakokwenda: kuwa wewe ni Muislamu, na kuwa huli nguruwe. Yaandikwe kwenye karatasi kwa herufi zao.

Pili, tafuta msikiti kwanza. Palipo na msikiti hapakosi mgahawa wa Muislamu karibu yake, na utapata jamaa wa kukuongoza.

Tatu, usitegemee alama peke yake. Mwaka 2019 ziliripotiwa habari kwamba migahawa katika mji wa Beijing iliamrishwa kuondoa neno "halali" lililoandikwa kwa Kiarabu. Basi kukosekana kwa herufi za Kiarabu si dalili kuwa mgahawa si wa Waislamu, na kuwepo kwa picha ya tambi za Lanzhou si dalili kuwa ni wao. Uliza.

Nne, katika Malaysia na Indonesia, tazama alama za idara zao za halali. Sheria ya Indonesia ya mwaka 2014 imeufanya uthibitisho kuwa wa lazima, na tangu Oktoba 2024 imeanza kutekelezwa kwa vyakula vya wazalishaji wakubwa na wa kati.

Tano, ukipanga chumba chenye jiko, pika. Ukilazimika kutumia vyombo vya wasiokuwa Waislamu, vioshe. Hivyo ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyomjibu Abu Thaalaba (R.A.): kama hamkupata vyengine, vioshwe kisha mle.

Sita, ukirudi nyumbani usiwafanye watu wa Asia kichekesho cha barazani. Waswahili wamesema, mchele mmoja mapishi mbalimbali. Mambo nayo hubadilika: mji wa Shenzhen ulipiga marufuku kula mbwa na paka mwaka 2020, na Bunge la Korea Kusini likapitisha mwaka 2024 sheria ya kukomesha biashara ya nyama ya mbwa ifikapo mwaka 2027. Anayewahukumu watu kwa hadithi za zamani huenda akasema uongo bila kujua.

Ndugu zetu, tumbo ndilo linalosafiri nasi kila tuendako, na haliwezi kuachwa nyumbani. Anayelilinda Guangzhou, mahala ambapo hapana imamu wake, hapana mke wala jirani wa kumwona, huyo amedhihirisha kuwa anamcha Mwenyezi Mungu na si watu. Na anayewatendea wema wenyeji wake huku akiacha chakula chao, huyo ameifuata sunna ya yule aliyeuondoa mkono wake kwenye dhabb bila ya kumkatisha Khalid hamu ya kula.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali Yako tusiihitajie haramu Yako. Wahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu, wa baharini na wa angani, warudishe kwa watu wao wakiwa na afya na dini zao zikiwa salama. Uwabariki ndugu zetu Waislamu wa Mashariki ya mbali, waliokuwa mbali nasi kwa lugha na karibu nasi kwa qibla. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.